Juu ya Maneno "Kutu" na "Ulikaji" katika Habari za Magnesiamu

Neno kutu laashiria kwanza ule unga mwekundu ushikao chuma kilichopatwa na maji. Kulitumia kwa magnesiamu bila ya maelezo ni kumpoteza msomaji, kwani metali hiyo haitoi wekundu: ikilowa hugeuka unga mweupe, na gesi ya haidrojeni hutoka. Jina ulikaji lafaa zaidi, kwa kuwa laeleza tendo lenyewe wala si rangi ya mabaki yake.

Magnesiamu hupendwa kwa wepesi: sentimita moja ya ujazo ina gramu 1.74, ambapo ya aluminiamu ina 2.70 na ya chuma 7.87. Lakini oksaidi yake huchukua kama asilimia 81 tu ya nafasi ya metali iliyoliwa, hivyo haitoshi kuufunika uso wote. Kwa sababu hiyo aloi zake, kama AZ91 yenye aluminiamu kiasi cha asilimia 9 na zinki asilimia 1, huvikwa tabaka la kinga.

Hapa ndipo mfano wa bati unapodanganya. Bati la kuezekea ni chuma kilichovikwa zinki. Likikwaruzwa, zinki hulika kwanza na chuma husalimika. Zinki ni kafara ya chuma. Magnesiamu ikivikwa nikeli mambo hugeuka: nikeli husalimika, na magnesiamu ndiyo iliwayo. Kitundu kama cha ncha ya sindano chatosha kupafanya pahali hapo palike upesi kuliko pasipovikwa kitu. Basi kuvika si daima kukinga.

Njia ifaayo ina hatua tatu. Kwanza ni usafi wa aloi: mwaka 1942 Hanawalt na wenzake walionyesha kwamba chuma, nikeli na shaba, hata kwa kiasi kidogo mno, huharakisha ulikaji. Pili, metali hutiwa katika maji ya dawa na kupitishwa umeme, hata uso wake ukawa tabaka gumu la oksaidi. Tatu, kwa kuwa tabaka hilo lina vinyweleo, huzibwa kwa rangi au kwa dawa nyingine ya kuziba.

Mfasiri, basi, hana budi kutenga maneno mawili: tabaka la kinga, lizuialo maji yasifike, na tabaka la kafara, liliwalo badala ya kingine. Magnesiamu yahitaji la kwanza. La pili ni shida kuipatia, kwani miongoni mwa metali za uundaji hakuna ilikayo kwa wepesi kuliko yenyewe. Ndiyo maana vipande vyake hufungwa kwenye mabomba ya chuma yaliyofukiwa ardhini, viwe kafara yake.