Karama zilizofungiwa ndani ya mfuko wa mchango

Lori linalotoka Kasese kwenda Mpondwe hupita Muhokya kabla ya kufika njia panda ya Kikorongo. Wengi wanapajua Muhokya kwa chokaa yake. Mfanyabiashara anayepita hapo Jumamosi jioni na magunia ya maharage ana hesabu nyingi kichwani, na mojawapo ni hii: kesho nitasali wapi? Akilala Bwera atasali Bwera. Akivuka mto Lhubiriha atasali Kasindi. Lugha haimpi shida, kwa kuwa Lhukonzo cha Kasese na Kinande cha Beni ni watoto wa tumbo moja, na wasipoelewana kwa hizo kipo Kiswahili.

Shida ni kwamba huko anakofika anajulikana kwa jambo moja tu, nalo ni mfuko wake. Mgeni mfanyabiashara akisimama kujitambulisha, wazee wa kanisa wanaona mabati ya paa jipya. Ilhali nyumbani mama huyo huyo huenda ndiye anayetunza daftari la kikundi cha akiba, ndiye anayepatanisha watu waliogombana kwa deni, na ndiye anayejua ni mgonjwa gani wiki hii hana wa kumpikia. Kanisani kazi hizo hazina jina. Paulo aliziita karama.

Korintho, mji aliouandikia habari hizo, ulikuwa mji wa biashara wenye bandari 2, Lekayo na Kenkrea. Katika sura ya 12 ya waraka wa kwanza aliweka uponyaji, ualimu, misaada na uongozi katika orodha moja. Neno la Kigiriki alilotumia kwa uongozi ni neno la mabaharia, lenye maana ya kazi ya mshika usukani. Hata watu waliofanya naye kazi walikuwa wa namna yetu. Lidia wa Thiatira aliuza vitambaa vya zambarau mjini Filipi, na waumini wakakusanyika nyumbani kwake. Prisila na mumewe Akila walishona mahema. Fibi wa Kenkrea anatambulishwa kwa Warumi kwa neno lile lile tunalolitafsiri shemasi, na wasomi wengi huamini kwamba ndiye aliyeubeba waraka huo hadi Roma.

Tuje karibu zaidi. Kanisa Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake Mboga, ambayo sasa huandikwa Boga, mwaka 1896. Aliyefika huko kutoka Toro hakuwa askofu, wala padri, wala Mzungu. Alikuwa Apolo Kivebulaya, Mganda aliyebatizwa mwaka 1895, mwalimu wa kawaida. Jina Kivebulaya maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, na alipewa kwa sababu ya koti jekundu alilopenda kulivaa juu ya kanzu. (Wauza mitumba wa Bwera wana babu yao hapo.) Waganda waliomtangulia Mboga walishindwa kwa kunyimwa chakula. Yeye alikwenda na jembe, akalima chakula chake mwenyewe. Alisingiziwa kifo cha dada yake chifu Tabaro, akafungwa na kupelekwa Toro, akaachiwa, akarudi kule kule. Ushemasi aliupata mwaka 1900 na upadri mwaka 1903, baada ya kanisa kuwa limekwisha kuota mizizi. Wazungu walipochora upya mpaka, Mboga ikaangukia Kongo ya Wabelgiji, naye akaendelea na kazi huko hadi alipofariki mwaka 1933. Cheo kilikuja nyuma ya karama.

Baadaye ukaja uamsho wa Balokole. Ulianza kuwaka mwishoni mwa miaka ya 1920 kati ya Kampala na Gahini nchini Rwanda, ukaenea hadi Burundi, Tanganyika, Kenya na Kongo. Ulibebwa zaidi na walimu, wauguzi, wakulima na wasafiri kuliko makasisi. Katika mikutano yao mwanamke angeweza kusimama mbele ya mchungaji wake na kusema Mungu amemtendea nini. Wakubwa hawakufurahi. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono walifukuzwa, akiwemo William Nagenda, aliyekuja kuwa miongoni mwa wahubiri wakubwa wa uamsho huo.

Festo Kivengere alitoka katika moto huo huo. Alifundisha shule Dodoma kwa miaka mingi akiwa mlei anayehubiri, kabla ya kuwa askofu wa Kigezi mwaka 1972. Mwaka 1983 aliwapa upadri wanawake 3, wakati majimbo mengi ya Kianglikana duniani yalikuwa bado yanabishana. Kwa Wakatoliki, Kardinali Malula wa Kinshasa aliwakabidhi walei uongozi wa parokia tangu miaka ya 1970, na mwaka 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa.

Sasa kuna hoja ambayo sitaki kuipita haraka, kwa sababu ni ya watu wenye akili. Kusini mwa hapa, Kanungu, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo walilofungiwa. Kundi lile liliongozwa na watu waliodai maono, wakiwemo walei. Kwa hiyo mchungaji akiogopa kumpa kila mwenye maono kipaza sauti, anajua anachokiogopa. Lakini tuliangalie kundi lile kama tunavyoangalia biashara. Wafuasi waliambiwa wauze mali zao kwa bei ya kutupa na kukabidhi fedha. Walizuiwa kuzungumza, wakawasiliana kwa ishara. Pale karama zilikuwa za viongozi wachache tu, na hakuna aliyeruhusiwa kuuliza swali. Paulo anawaagiza Wakorintho kinyume chake: nabii aseme, na wengine wapime. Mfanyabiashara wa Mpondwe hanunui gunia bila kulipandisha kwenye mizani, hata kama muuzaji ni shemeji yake. Kanisa lenye watu wengi waliozoea kupima lina kinga kuliko lenye msemaji mmoja. Na manabii wa mafuta na maji ya upako wanaozunguka miji ya mipakani wanapenda sana waumini waliofundishwa kunyamaza.

Uganda ilipofunga nyumba za ibada Machi 2020, ibada ilihamia majumbani. Akina mama walisoma Neno, vijana wakaongoza nyimbo, wazee wakaombea wagonjwa. Milango ilipofunguliwa tena, wengi walirudi kwenye benchi na kukaa kimya kama zamani.

Nina pendekezo moja, na halihitaji sinodi. Waumini wanaohama huwa wanapewa barua ya utambulisho inayosema kwamba mtu amebatizwa na hana doa. Barua ya anayevuka mpaka kwa biashara iongezwe mstari mmoja unaosema anafanya nini kanisani kwake: anafundisha watoto, anatunza hesabu, anapatanisha, anatembelea wagonjwa. Mchungaji wa Kasindi akiisoma atajua kwamba mgeni wa wiki mbili anaweza kukaa na wajane wa mtaa wake, au kuwaonyesha vijana jinsi ya kufunga hesabu za kikundi. Mzee wa kanisa wa Bwera atafanya hivyo hivyo kwa dada anayekuja na vitenge na mawese kutoka Butembo. Mgeni naye apimwe kwa wiki chache, kama mzigo wowote, kisha apewe kazi. Mchango wa mabati atautoa tu.