Mmea Ulionyauka na Udongo Uliojaa Maji

Leo tunataka kusema na wanachama khabari ya kuoza kwa mizizi, na tutaanzia barazani kabla ya kufika kitaluni. Mwezi uliopita bibi mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, alituletea ofisini kopo la maua ambayo nyumba nyingi za hapa zinayo: ule mmea utambaao, wenye majani ya kijani yaliyotiwa mabaka ya manjano na meupe. Yeye na binti zake huotesha mimea ya namna hiyo kwa kuuza, na fedha yake huwafaa katika miezi isiyo na karafuu. Majani yalikuwa yamelegea, na yale ya chini yamegeuka manjano matupu. Akasema, "Nautilia maji asubuhi na jioni, nao unazidi kufa." Tulipotia kidole, udongo ulikuwa matope. Tulipoutoa kwenye kopo, ulinuka.

Hatukumcheka bibi huyo, kwani masika ya mwaka jana sisi wenyewe tulifanya kosa hilo hilo katika kitalu cha chama. Miche ya mikarafuu ilinyauka mchana, tukaona ni kiu, tukaongeza maji. Ikanyauka zaidi. Mpaka tulipofahamu, safu za upande wa chini, palipokuwa pakisimama maji, zilikuwa zimekwisha, na wanachama waliokuwa wakiingojea miche ile walirudi mikono mitupu.

Inafaa tufahamu kwamba mzizi nao huvuta pumzi. Kati ya punje za udongo mna nafasi ndogo ndogo zenye hewa, na kwa hewa hiyo mzizi hupata nguvu ya kunyonya maji. Nafasi hizo zikijaa maji siku baada ya siku, mzizi hukosa pumzi, ncha zake laini hufa, na mmea hauwezi tena kunywa ijapokuwa umesimama ndani ya maji. Ndipo majani hulegea. Mwenye mmea husema ni kiu, wala hakosei, ni kiu kweli. Lakini dawa anayoitoa ndiyo iliyoleta maradhi.

Baada ya hapo huingia adui wa pili. Katika udongo wa majimaji hukaa vijidudu viitwavyo Pithiumu na Fitofthora. Zamani vilihesabiwa kuwa ni ukungu. Wataalamu wa siku hizi huviweka karibu zaidi na mwani wa rangi ya hudhurungi, maana mbegu zake zina mikia na huogelea majini kutoka mzizi mmoja hadi mwingine. Kwa sababu hiyo zipo dawa za ukungu madukani ambazo hazivifanyi kitu. Na kwa sababu hiyo pia maji yaliyotuama katika kisahani cha chungu kimoja yasimwagiwe chungu cha pili kwa kuogopa kuyapoteza.

Sasa kwa nini maua ya rangi mbili hupatikana na balaa hili upesi kuliko ya kijani kitupu? Sehemu ya kijani ndiyo jiko la jani. Humo hupikwa chakula kwa mwanga wa jua. Sehemu nyeupe haina jiko, ni mgeni wa kulishwa. Mmea wenye weupe mwingi hukua polepole, na kunywa kwake ni kidogo. Mtu mwenye vyungu viwili, kimoja cha kijani na kimoja cha mabaka, akivigawia kata moja moja kwa usawa kama agawiavyo watoto, ule wa mabaka atauzamisha. Akiuweka ndani penye giza taabu huzidi, kwani jiko lenyewe dogo nalo limenyimwa moto. Uwekwe penye mwanga mwingi usio wa jua kali, kama chini ya ukingo wa baraza. Na tawi likitoka kijani kitupu likatwe mapema, maana lina nguvu kuliko ndugu zake na litawameza.

Wakati wa kutia maji haujulikani kwa saa, bali kwa kidole. Tia kidole mpaka pingili ya pili: kukiwa na unyevu, acha. Au nyanyua chungu. Baada ya wiki mbili mkono utajua uzito wa chungu kikavu na cha maji. Katika kaskazi chungu hukauka upesi, na katika masika, hewa ikiwa nzito, chungu kile kile hukaa na unyevu siku nyingi. Desturi ya asubuhi na jioni haiwezi kufaa miezi yote miwili.

Liko jambo moja ambalo tunajua litaleta ubishi. Watu wengi huweka vigae na kokoto chini ya chungu, chini ya udongo, ili maji yapite. Nasi tulikuwa tukifanya hivyo, na sasa tumeacha. Maji yaliyo katika udongo laini hayashuki kuingia katika nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo wa juu yake umeshiba kabisa. Basi kokoto haziondoi matope, huyapandisha tu karibu na mizizi. Asiyesadiki achukue sifongo ya kuoshea vyombo, aichovye majini, aishike kwa ulalo mpaka iache kudondoka. Kisha aisimamishe wima: itatoa maji mengine. Sifongo ni ile ile, kilichobadilika ni kimo. Kwa hiyo chungu kirefu hukausha vizuri kuliko kifupi kipana, na kigae kimoja juu ya tundu, kuzuia udongo usitoke, chatosha. Makopo ya rangi na ya maziwa yatobolewe matundu kadhaa chini, si moja.

Udongo wenyewe uwe mwepesi: mchanga wa bara, mboji iliyoiva, na vumbi la makumbi. Mchanga wa pwani una chumvi. Na makumbi yaliyofukiwa pwani kwa kazi ya kamba vile vile yana chumvi; yaoshwe kwa maji matamu mara nyingi kabla ya kutumika.

Ukishaona dalili, usingoje. Toa mmea wote, uoshe mizizi, utazame. Mzizi mzima kwa kawaida ni mweupe na mgumu. Uliooza ni mweusi au hudhurungi, na ukiuvuta ganda lake huvuka likabaki uzi mwembamba. Kata yote iliyooza kwa kisu kilichosafishwa, panda katika udongo mpya na chungu kidogo kinachotosha mizizi iliyobaki, weka kivulini, wala usitie mbolea mpaka jani jipya litoke. Mizizi ikiwa imekwisha, okoa kichwa: kata kipande chenye kifundo, katika shina lenye rangi zote mbili. Lakini ule mmea wa majani marefu mfano wa upanga, wenye ukingo wa manjano, usipandwe kwa kipande cha jani, kwani utaota kijani kitupu. Ugawanywe kwa shina lake la chini ya udongo.

Tumeulizwa kama karafuu yafaa kwa dawa. Mafuta ya karafuu huua baadhi ya kuvu, ni kweli, lakini hayachagui: Marekani huuzwa kwa kuulia magugu. Tusiyamwage penye mizizi tunayoipenda. Majivu nayo hayafufui mzizi uliokufa.

Tufike sasa kitaluni. Yote tuliyosema juu ya maji na hewa ni sawa kwa mche wa mkarafuu, illa matibabu. Mche huu haustahimili kuvurugwa mizizi, kwa hiyo hauoshwi wala haukatwi. Ulioza hutolewa pamoja na udongo wake ukachomwa moto. Mwaka huu tumeinua matuta, mifuko imepangwa juu ya changarawe na kuachiwa nafasi, na makuti ya kivuli yanapunguzwa kidogo kidogo. Maradhi haya yasichanganywe na kule kufa ghafla kwa mikarafuu mikubwa, ambako Nutman na Roberts walikuandikia ukungu wake kwa jina la Valsa eugeniae. Hayo ni mengine.

Tunalolihofia zaidi ni huruma ya mwanachama. Amengoja mche muda mrefu, anauona umelegea, anasema shambani utapata nafuu. Fitofthora ikishaingia katika ardhi hukaa miaka, wala haiokotwi kama gugu. Kwa hiyo kila anayechukua miche kwetu ana haki ya kuchagua mmoja katika kila safu, tuufungue mfuko mbele yake, aitazame mizizi kwa macho yake.

Bibi yetu tulimkatia vipande vitatu. Kimoja kimeoza, viwili vimetoa mizizi meupe, na kimoja cha hivyo ametuachia dirishani mwa ofisi. Mwanachama mwenye mche wa mkarafuu anaoutilia shaka aulete pamoja na udongo wake, katika ndoo yenye kifuniko, aukabidhi mlangoni. Tafadhali asipite nao kitaluni.