Jina la duka lako mtandaoni limeandikwa kwa nani? Soma kabla hujalipia .co.tz

Leo siongelei bei ya mpunga wala nauli ya Tunduma. Naongelea kitu kilichonipotezea mifuko 400.

Mimi nina duka hapa Msangano. Msimu ukifika nafungasha mchele wa kilo 5 kwa wateja wa Tunduma na wengine wa ng'ambo, Nakonde. Mwaka juzi kijana mmoja wa mjini akanishawishi kwamba biashara bila tovuti haionekani. Nikampa hela, akanitengenezea kaukurasa kadogo na jina linaloishia na .co.tz. Nilifurahi jamani! Nikachapisha mifuko yenye lile jina. Mwaka ulipoisha ukurasa ukazimika. Napiga simu, haipatikani. Nikaenda kwa wakala mwingine anayesajili majina nilipie mwenyewe, akaangalia kwenye kompyuta akaniuliza, "Kaka, wewe ndiyo fulani?" Akataja jina la yule kijana. Kumbe kwenye kumbukumbu mwenye jina ni yeye. Mimi sipo kabisa, hata namba yangu ya simu haipo. Ile mifuko sasa naigeuza nje ndani, nafungia kunde.

Nilikasirika, halafu nikaanza kusoma. Nawaletea nilichokipata.

Jina la tovuti linaitwa domeini, kwenye karatasi za serikali utakuta wameandika kikoa. Hulinunui likawa lako milele, unalilipia kwa muda, ukisahau linaondoka. Zile herufi za mwisho, .tz, ni za nchi yetu, kama .ke ya Kenya na .zm ya majirani zetu Zambia. Zetu zipo tangu 1995. Mwaka 2006 ikaundwa tzNIC kuzisimamia, kampuni isiyogawana faida. Waanzilishi wake walikuwa TCRA na TISPA, yaani chama cha watoa huduma za intaneti. Sisemi walikosea. Wanaojua mitambo lazima wawepo, na serikali lazima iwepo. Ila angalia meza ile ilivyokaa: msimamizi alikuwepo, wauza intaneti walikuwepo. Mwenye duka anayelipia jina alikuwa wapi?

Na hili la kuuliza siyo ujeuri. Mwaka 1994 Mmarekani mmoja, Jon Postel, aliyekuwa anatunza orodha ya majina ya intaneti ya dunia nzima, alitoa mwongozo unaoitwa RFC 1591. Humo amesema anayeshika herufi za nchi ni mdhamini tu, na habari za nani ana haki, nani mmiliki, hazina nafasi hapo. Cha kuangalia ni wajibu na huduma kwa watu. Mimi nikaona ni kama mweka hazina wa VICOBA. Sanduku linalala kwake, hela siyo zake. Na hakuna kikundi kitakachomwacha mweka hazina apandishe faini peke yake siku ambayo wanachama wako shambani.

Utaniuliza, kanuni za mtandao zinanihusu nini mimi nauza sukari? Sikia. Mwaka 2017 Kenya waliruhusu majina yanayoishia na .ke tu, bila ile .co katikati. Sasa chukulia ulikuwa na jina lako la .co.ke, umeshalipaka kwenye gari na kwenye bango, halafu mwingine anawahi lilelile kwa .ke tupu. Wateja wako watapotelea kwake. Uingereza walipofanya jambo kama hilo mwaka 2014, wenye majina ya zamani ya .co.uk walipewa miaka 5 ya kuchukua yale mapya kabla ya mtu mwingine. Mstari mmoja tu kwenye kanuni, unaokoa duka zima.

Wapo wanaosema dawa ni majina yawe bure. Hapana. Visiwa vya Tokelau, .tk, majina yalitolewa bure, matapeli wakajaa huko mpaka ukiona .tk unaogopa kubonyeza. Mimi nalipa bila kinyongo. Ninachotaka ni kuulizwa.

Na kuulizwa kwenyewe kuwe kwa kweli. Rasimu ya kanuni iandikwe Kiswahili cha dukani, isomwe redioni, ibandikwe na kwa afisa biashara wa halmashauri, siyo kwenye tovuti tu. Wasitupe wiki mbili katikati ya kuvuna mpunga. Baadaye watuambie maoni yapi wamechukua, yapi wameacha na kwa nini. Ningeulizwa mimi, ningeomba kitu kimoja: jina lisisajiliwe mpaka mwenye biashara apate meseji kwenye simu yake na akubali. Na mgogoro ukitokea, niweze kulalamika bila kupanda basi hadi Dar es Salaam, maana nauli inazidi thamani ya jina.

Wakati tunasubiri, wewe jilinde. Ukimlipa mtu akusajilie, mwambie sehemu ya mwenye jina aandike jina lako, simu yako na barua pepe yako, siyo yake. Mlipe nusu, akuonyeshe kumbukumbu, ndiyo umalizie. Na tarehe ya kulipia tena iandike ukutani karibu na ya leseni.

Halafu kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA-CCC. Lipo kisheria kupeleka sauti zetu TCRA na kwa waziri. Wengi tunalijua kwa malalamiko ya bando tu, lakini nimeona na hili tulipeleke huko. Barua yangu nimeshaiandika, ukurasa mmoja. Jumamosi naenda Tunduma kuchukua sabuni, naituma hukohuko. Mwenye kisa kama changu anipe kabla ya hapo nikiongeze.