Karani wa Masjala Ndani ya Ruta

Katika ofisi nyingi za mjini, na majumbani pia, kuna kijisanduku chenye taa zinazomweka ambacho wenyewe hukiita waifai. Kikizimika watu hulalamika, kikiwaka hakuna anayekijali. Jina lake hasa ni ruta. Waifai ni kazi yake moja tu, ile ya kuzifikia simu na kompyuta kwa mawimbi ya redio pasipo waya. Leo nataka tuizungumze kazi yake nyingine, isiyoonekana.

Mnaikumbuka masjala. Ofisi nzima ina sanduku moja la posta, lakini ndani mna watu arobaini. Barua ikitoka, karani anaandika daftarini imetoka chumba gani; jibu likija, anatazama daftari na kulipeleka kwa mwenyewe. Ruta nayo ndivyo ifanyavyo. Mtoa huduma huipa anwani moja ya nje, nayo hugawa anwani za ndani: 192.168.1.5 kwa simu yako, labda, na 192.168.1.6 kwa kompyuta ya mwenzako. Waraka wa mwaka 1996 ulizitenga namba za aina hii zitumike ndani popote duniani, kama vile kila nyumba ya wageni ilivyo na chumba namba 5. Bila ujanja huo tungekwama zamani, maana anwani za nje za mfumo huu hazizidi bilioni 4.3, na ghala kuu la dunia liligawa fungu la mwisho Februari 2011.

Kuna faida nyingine. Barua ya mgeni isiyo na kumbukumbu daftarini karani haijui aipeleke wapi, basi huitupa. Hivyo mtu wa nje hawezi kuibishia hodi kompyuta yako kwa urahisi.

Lakini karani mwenyewe akitekwa je? Ruta ina maneno ya siri mawili, na watu wengi wanalijua moja. La kwanza ni la kuingilia waifai, lile tunalowapa wageni. La pili ni la kufungulia mipangilio ya ruta yenyewe, na katika ruta nyingi, hasa za zamani, ni lile lile la kiwandani: admin, au 1234. Fundi huja, huchomeka nyaya, huondoka, na neno hilo hubaki.

Mwaka 2016 programu haramu iitwayo Mirai iliteka malaki ya ruta na kamera za ulinzi kwa kujaribu maneno ya kiwandani yasiyofika sabini. Tarehe 21 Oktoba jeshi hilo lilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa watu wengi. Wenye vifaa hivyo wengi hawakujua lolote. Mwizi mwingine hana haja ya kelele: hubadilisha kitabu cha anwani ndani ya ruta, ukiandika jina la benki yako upelekwe kwenye ukurasa wake.

Kwa hiyo geuza ruta yako, soma kibandiko chini yake, fungua mipangilio, ubadilishe neno hilo la pili. Ukilisahau, kuna kitundu nyuma cha kubonyeza kwa sindano. Lakini kitundu hicho hufuta hata mipangilio ya mtoa huduma, basi muulize kwanza. Na neno la kiwandani hurudi, kwa hiyo libadilishe siku hiyo hiyo.