Nguvu za mwendesha baiskeli haziko miguuni pekee

Ukiwauliza wanafunzi kumi mahali zilipo nguvu za mwendesha baiskeli, aghalabu wote watakuonyesha mapaja. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Naandika makala haya kuitetea nusu ya pili, yaani misuli ya kiwiliwili: ya tumbo, ya ubavuni, ya mgongo na ya makalio. Naitetea kwa sababu inaweza kujengwa shuleni bila gharama yoyote, na bado hatuijengi.

Hebu tutazame kazi yenyewe. Mguu unapoikanyaga pedali, nguvu zake hazina budi kupata mahali pa kujiegemeza. Mahali hapo ni nyonga, nazo nyonga hushikiliwa na misuli inayouzunguka uti wa mgongo, kama vile kamba zinavyoushikilia mlingoti wa jahazi. Kamba zikilegea, mlingoti huyumba. Vivyo hivyo, misuli hiyo ikichoka, nyonga hucheza huku na huku juu ya kiti, magoti huacha njia yake, na sehemu ya chini ya mgongo hubebeshwa mzigo usio wake. Anayezungusha pedali mara 60 kwa dakika huwa amezizungusha mara 1,800 katika nusu saa ya kwenda shuleni, na mara 1,800 nyingine akirejea nyumbani. Kosa dogo linalorudiwa kiasi hicho kila siku si dogo tena.

Mwaka wa 2007, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa waendeshaji 15 wa mashindano. Waliichosha kwanza misuli yao ya kiwiliwili, kisha wakawapandisha baiskeli. Nguvu zilizofika kwenye pedali hazikupungua kwa kiasi cha kutajika. Kilichobadilika ni mwendo wa goti na wa kifundo cha mguu. Funzo ninalolipata hapo ni kwamba mwendeshaji aliyechoka kiwiliwili anaweza kudumisha kasi yake bila kutambua kwamba magoti yake yanaumia polepole. Kwa hiyo simwahidi mwanafunzi yeyote kwamba mazoezi haya yatampa ushindi. Ninachokitetea ni mgongo na magoti atakayoyahitaji kwa miaka mingi ijayo.

Wapo watakaosema kwamba kuendesha baiskeli kwenyewe ni zoezi la kutosha. La hasha! Mwendeshaji huegemea mahali patatu: mikono kwenye usukani, makalio kwenye kiti na nyayo kwenye pedali. Kiwiliwili hukaa kimeinama katika hali moja, kwa hivyo miguu hukomaa ilhali kiuno husalia nyuma. Hali huwa ngumu zaidi kwa kijana anayeendesha ile baiskeli nzito tuiitayo Black Mamba, huku ndugu yake mdogo ameketi kwenye keria. Kila abiria anapoyumba, ni kiuno cha mwendeshaji kinachourejesha mzigo wima. Wahudumu wa boda boda za baiskeli kule Busia, zilikoanzia kwa kuvusha watu mpakani, wanalifahamu jambo hilo bila kufundishwa na mtu.

Je, tufanye mazoezi gani? Katika shule nyingi utamwona mwalimu akihesabu huku wanafunzi wamelala chali, mmoja akimshika mwenziwe miguu, nao wakiinuka na kulala mara hamsini. Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada aliyeuchunguza uti wa mgongo kwa miaka mingi, amelikosoa zoezi hilo kwa kuwa huzikunja na kuzibana pingili za mgongo tena na tena. Badala yake alipendekeza mazoezi matatu ya kuutuliza mgongo. La kwanza, lala chali, goti moja limekunjwa na viganja chini ya kiuno, kisha inua kichwa na mabega kidogo tu. La pili, lala kwa ubavu, jiinue kwa kiwiko na magoti hadi mwili unyooke, kisha ugeukie upande wa pili. La tatu, piga magoti na viganja chini, unyooshe mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, halafu ubadilishe. Kila mara tulia kwa sekunde kumi huku ukipumua kama kawaida. Dakika kumi zatosha, na nyasi za uwanjani zatosha.

Tahadhari ni muhimu. Kiti kilichoinuliwa kupita kiasi humfanya mtoto aifuate pedali kwa nyonga, na hakuna zoezi litakaloliponya tatizo hilo. Pedali ikiwa chini kabisa, goti lapaswa kubaki limekunjika kidogo. Na maumivu yanayoteremka hadi mguuni pamoja na ganzi ni ya kupelekwa kwa daktari.

Kwa nini nawasumbua walimu kwa jambo hili? Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka wa 1985, akalelewa kimchezo na David Kinjah huko Kikuyu, kisha akashinda Tour de France mara nne akiwa upande wa Uingereza. Mwaka wa 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za mashindano hayo, na mwaka wa 2025 Kigali iliandaa ubingwa wa dunia wa barabarani, mara ya kwanza barani Afrika. Majirani zetu wanasonga mbele. Sisi tungali tunakitoa kafara kipindi cha mazoezi ya viungo ili hesabu ipate saa moja zaidi. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, lakini mazoea hayo hayakuzikwa pamoja nao.

Nawasihi walimu wakuu wakirejeshe kipindi hicho kwa wenyewe. Nanyi wanafunzi, msingoje amri. Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi, na mgongo wa kijana nao hufundishika sasa, kabla haujakauka.