Nilifundisha gari la Marekani kuona barabara, mimi bado nadandia matatu

Kuna wakati nilikuwa mtaalamu wa akili bandia. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mama, naye akawatangazia wenzake wa chama. Ukweli ni kwamba nilikuwa kwa bedsitter hapa Kitengela nikichora maboksi kwenye picha za barabara za ng'ambo. Gari, boksi. Mtu, boksi. Mbwa wa mtu, boksi. Eti gari lisilo na dereva lijifunze kuona.

Picha moja dakika 40, malipo chapati mbili. Stima ikipotea, unaanza upya. Na barabara zenyewe safi ajabu! Hakuna boda iliyobeba sofa, hakuna ng'ombe wanaovuka Namanga Road kama wanaolipa ushuru. Hilo gari likiletwa Kajiado litazima lenyewe na kulia.

Sikuwa na mambo mengi ya kuchagua. Chuo kilinishinda mwaka wa pili, karo.

Asubuhi moja nikapata akaunti imefungwa. Barua pepe: "Tunathamini mchango wako." Pesa za wiki mbili zikabaki humo humo. Nimlilie nani? Kampuni haina ofisi, haina simu, haina hata soja wa geti wa kubembeleza. Landlord naye akaniuliza kama hiyo algorithimu ndiyo itakayolipa rent.

Afadhali mimi nilichora magari. Januari 2023 jarida la Time lilieleza jinsi vijana wa Sama, Nairobi, walivyosoma maandishi ya ukatili na unajisi wa watoto ili ChatGPT iwe na adabu. Mkataba ulisema OpenAI inalipa Sama dola 12.50 kwa saa. Aliyesoma uchafu wenyewe alibaki na chini ya dola 2. Zile zingine nadhani zilikwenda kununua viti vya kuzunguka.

Machi 2024 Remotasks nayo ikawafungia Wakenya mlango, vivi hivi.

Wakubwa bado wanatuita Silicon Savannah. Konza, ambako Kibaki alizindua ujenzi Januari 2013, si mbali na hapa. Ukishika Mombasa Road unapita kando yake.

Jana jirani amenibishia mlango na simu mkononi. Kuna app mpya, bro, inalipa kwa dola.

Nimeshajisajili. Wanataka picha ya kitambulisho, mbele na nyuma.