Gari limetoka sevisi? Angalia kulanti, kisha uliza iliyobaki iko wapi

Jumamosi moja mchana dada yangu alirudi nyumbani na gari lake dogo la haibridi likitokea sevisi. Lilikuwa limeoshwa linang'aa, na kwenye kiti cha mbele kulikuwa na karatasi ndefu ya vitu vilivyofanyika: oili, chujio, breki, kulanti. Tukashusha mizigo ya sokoni kutoka kwenye buti. Dakika chache baadaye mtoto wake wa miaka mitatu, ambaye huniita mama mdogo, akanifuata jikoni amekumbatia chupa ya maji ya kunywa iliyojaa nusu. Ndani yake kulikuwa na kitu cha rangi ya pinki.

"Mama mdogo, nifungulie juisi yangu."

Kilichotuokoa siku hiyo ni kifuniko. Fundi alikuwa amekikaza sana. Ile haikuwa juisi. Ilikuwa kulanti iliyobaki, ambayo mafundi waliiweka kwenye buti ili mwenye gari asipoteze kitu alicholipia. Nia yao ilikuwa njema, lakini maandishi pekee kwenye chupa ile yalikuwa jina la kampuni ya maji.

Kesho yake asubuhi, kwa kuwa tulishakuwa na wasiwasi, tulifungua boneti. Kopo la kwanza la kulanti lilikuwa sawa. La pili lilikuwa chini ya mstari wa chini. Karatasi ya sevisi ilikuwa na alama ya vema palepale.

"Mimi nimelipa, nikajua yamekwisha," alisema dada.

Wengi wetu tunajua hivyo. Lakini gari likitoka sevisi kuna dakika tano za kazi zinazobaki kwa mwenye gari, na kazi hiyo inahusu usalama wa gari na wa watoto pia.

Kwa nini makopo ni mawili

Kulanti ndiyo wengi tunayoiita maji ya rejeta, ingawa si maji matupu. Kazi yake ni kuzunguka ndani ya injini, kubeba joto na kulipeleka kwenye rejeta likapozwe na upepo.

Gari la haibridi lina injini ya petroli na mota ya umeme. Katikati kuna kifaa kinachoitwa inveta, ambacho hubadili umeme wa betri kubwa uweze kuendesha mota. Inveta nayo hupata joto kali. Ndiyo maana katika magari kama Toyota Prius na Toyota Aqua, ambayo yamejaa mitaani kwetu, kuna mizunguko miwili ya kulanti: mmoja wa injini na mwingine wa inveta. Kila mmoja una kopo lake la plastiki. Ule wa inveta husukumwa na pampu ndogo ya umeme.

Hapo ndipo makosa hutokea. Fundi aliyezoea magari ya kawaida anaweza kujaza kopo la injini akasahau la inveta. Au anaweza kujaza yote mawili, lakini hewa ikabaki ndani ya mabomba. Siku ya sevisi kopo linaonekana limejaa. Baada ya kuendesha, hewa hutoka na kiwango hushuka.

Inveta ikikosa kupozwa, taa ya onyo huwaka kwenye dashibodi, gari hupungua nguvu na linaweza kukataa kabisa kwenda. Mzazi yeyote aliyewahi kuishiwa gari barabarani usiku, watoto wamelala kiti cha nyuma na malori yanapita kando, anajua hilo si suala la fundi peke yake.

Namna ya kuangalia

Fanya asubuhi kabla gari halijawashwa, likiwa mahali tambarare. Watoto wabaki ndani ya nyumba.

Kwanza, hakikisha gari limezimwa kabisa na funguo iko mbali nalo. Haibridi inaweza kuwa kimya ukadhani imezimwa, kumbe neno READY linawaka kwenye dashibodi. Injini yake inaweza kujiwasha yenyewe wakati wowote na mkono wako uko karibu na feni.

Pili, tafuta makopo yote mawili. Kitabu cha gari kinaonyesha yalipo. Ikiwa gari lako lilitoka Japani na kitabu chake ni cha Kijapani, picha zake bado zinasaidia, au mwombe fundi akuonyeshe kwa kidole siku unapochukua gari. Usiguse nyaya nene za rangi ya chungwa. Hizo zinabeba umeme mkubwa.

Tatu, mulika kopo kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Huna haja ya kufungua kitu. Kulanti inatakiwa iwe kati ya mstari wa FULL na mstari wa LOW. Kwenye magari mengine utakuta herufi F na L, au MAX na MIN.

Nne, piga picha makopo yote mawili kwa simu. Rudia baada ya siku mbili tatu, kisha baada ya wiki, gari likiwa limepoa vilevile. Kushuka kidogo siku za mwanzo kunaweza kuwa ile hewa inatoka. Likiendelea kushuka, au kopo likiwa tupu, rudisha gari na uonyeshe picha zako. Ni vigumu fundi kubishana na picha yenye tarehe.

Tano, chungulia chini ya gari lilipolala. Maji yasiyo na rangi wala harufu, hasa baada ya kutumia kiyoyozi, ni ya kawaida. Ukiona tone lenye rangi, linaloteleza vidoleni, au ukungu mkavu wa rangi kwenye maungio ya mabomba, hiyo ni kulanti inavuja. Nawa mikono kwa sabuni.

Usijazie maji ya bomba, na maji ya kisima yenye chumvi ndiyo kabisa. Huleta kutu na magamba ndani ya njia nyembamba. Wala usinunue kulanti kwa kufuata rangi tu. Rangi ni ya kupaka, na aina mbili tofauti zinaweza kufanana. Fuata aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Na kamwe usifungue kifuniko cha rejeta gari likiwa na moto. Kulanti iliyobanwa huruka kama maji ya chungu kinachotokota. Mtu akiungua, weka sehemu hiyo kwenye maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda hospitali. Dawa ya meno, siagi na unga havitibu jeraha la moto.

Tamu, lakini ni sumu

Sasa turudi kwenye ile chupa. Kulanti nyingi zimetengenezwa kwa kemikali iitwayo ethilini glaikoli. Haina harufu kali ya kumfukuza mtoto kama mafuta ya taa. Ladha yake ni tamu. Ikitiwa rangi ya pinki, kijani au bluu na kuwekwa kwenye chupa ya maji, mtoto haoni tofauti na juisi ya dukani.

Ikishaingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi. Mwisho wake ni fuwele ndogo zinazoganda ndani ya figo na kuziharibu. Mtoto wa kilo 10 hahitaji kunywa glasi nzima. Funda moja au mawili yanaweza kuhatarisha maisha yake.

Wazazi watakumbuka habari za Gambia mwaka 2022, pale Shirika la Afya Duniani lilipotoa tahadhari juu ya dawa nne za maji za watoto zilizohusishwa na vifo vya watoto 66 kwa kuharibika figo. Ethilini glaikoli ilikuwa moja ya kemikali mbili zilizokutwa ndani ya dawa hizo. Ndiyo hiyo hiyo inayowekwa kwenye rejeta.

Kinachodanganya zaidi ni dalili. Saa za mwanzo mtoto anaweza kuonekana kama amelewa: anayumba, analegea, anasinzia, anatapika. Wengine huonekana wazima kabisa. Baadaye anaanza kupumua haraka na moyo kwenda mbio. Figo huweza kushindwa ndani ya siku moja hadi tatu, na mkojo kupungua. Mzazi anayesema "tumwangalie kwanza mpaka kesho" anapoteza muda ambao daktari alikuwa anauhitaji.

Ukihisi tu kwamba mtoto ameonja:

Mpeleke hospitali mara moja, hata kama anacheza. Hospitalini zipo dawa zinazozuia ini lisiendelee kutengeneza ile asidi, na mgonjwa anaweza kusafishwa damu kwa mashine. Yote haya hufanya kazi vizuri zaidi yakiwahi.

Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ukidhani yatapunguza sumu.

Beba chupa yenyewe, au picha ya lebo yake. Mweleze daktari ni kulanti ya gari, ni kiasi gani kimepungua, na ni saa ngapi.

Maswali mawili kabla ya kulipa

Dada alirudisha gari Jumatatu. Msimamizi wa mafundi aliangalia picha, akaagiza hewa itolewe kwenye mzunguko wa inveta na kopo lijazwe, akaomba radhi. Tulimpa na ile chupa. Alipoambiwa nani alikuwa ameishika, alinyamaza kidogo, kisha akawaita vijana wake wawili waje wasikie.

Siku hizi dada huuliza maswali mawili kabla ya kulipa. La kwanza: "Nionyeshe makopo yote mawili." La pili: "Kulanti iliyobaki iko wapi?" Ikiwa ni yake, anaipokea ikiwa kwenye galoni lake la dukani, lenye lebo na kifuniko chake, na nyumbani inakaa juu, ndani ya kabati linalofungwa. Kama galoni halipo, anaiacha gereji. Kulanti chakavu haimwagwi uani wala mtaroni, kwa sababu kuku, paka na mbwa nao huinywa na kufa.

Mzazi, leo jioni kabla hujalala, fungua buti ya gari lako na kabati la chini ya sinki. Ukikuta chupa ya maji au soda yenye kitu ambacho si maji wala soda, iwe kulanti, mafuta ya taa au dawa ya choo, usiiache mpaka asubuhi. Mtoto wa miaka mitatu huamka mapema kuliko wewe, na safari nyingine kifuniko kinaweza kuwa kimelegea.